Fundi Nezu na Mabango ya Vita

Katika mji wetu wa Mikazuno vita haikuanza kwa mzinga. Ilianza kwa bango, na bango hilo liliandikwa na jirani yangu Hisakichi Nezu, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine mjini aliyeweza kuandika herufi zenye kimo cha mtoto wa miaka mitano bila kuzipinda.

Mimi ni mwanamke muuza tofu, jibini laini ya soya, na duka langu lilitazamana na karakana yake. Alikuwa mtu mfupi, vidole vyeusi kwa wino hata siku alipomwoa Tome, na alikuwa na kiburi kimoja tu. Akipita mbele ya ubao ulioandikwa na fundi mwingine alikohoa, kama mtu aliyekuta unywele kwenye supu. Siasa haikumhusu. Aliandika majina ya maduka ya dawa, ya baiskeli, ya tambi, na jioni alirudi kwa mkewe na mwanawe mmoja, Ryohei.

Miaka hiyo hariri ilikuwa imeanguka bei. Wamarekani waliozoea kuinunua walikuwa wamefilisika wao kwa wao, na wakulima wa milimani walikuwa wanachemsha majani. Magazeti yakatueleza kwamba tatizo letu si umaskini bali ni ufinyu wa nchi. Tukakubali. Ni rahisi kukubali kwamba kosa ni la ramani.

Basi vuli ya mwaka 1931 akaingia Gondo karakanani. Gondo alikuwa muuza mchele, na pia mwenyekiti wa mtaa wetu, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumwambia apumzike.

"Fundi, andika hivi: Manchuria ni uhai wetu."

"Uhai wa nani?"

"Wetu sote. Wachina wamelipua reli yetu."

"Reli yetu ipo kwao?"

"Ndiyo."

"Ilifikaje huko?"

"Fundi Nezu, nimekuja kuagiza bango. Sikuja kufanya mtihani."

Vita ilipokwisha na sisi raia tukaruhusiwa kujua mambo, tulisikia kwamba reli ile ililipuliwa na maofisa wetu wenyewe, tena mlipuko wenyewe ulikuwa mdogo hata treni ikapita juu yake na kuendelea na safari. Kwa kipande hicho cha chuma jeshi letu likachukua nchi kubwa kuliko ya kwetu. Mataifa yakakutana Geneva yakatulaumu kwa lugha ya adabu. Mjumbe wetu akaudhika, akatoka mkutanoni, nasi tukampigia makofi. Kutoka mkutanoni ni raha hasa ikiwa ulichokuja kuulizwa umeshakibeba.

Mwaka 1937 askari wetu mmoja alipotea kwenye mazoezi karibu na daraja moja nje ya Peking. Makamanda wakataka kuingia katika mji wa Wachina kumtafuta. Askari mwenyewe akarudi baada ya muda mfupi, na wengine husema alikuwa amekwenda haja tu, lakini nani avunje shughuli iliyokwisha kupamba moto kwa sababu mtu amemaliza haja yake? Vita hiyo ilitangazwa kuwa ya miezi mitatu. Ikaendelea miaka minane. Nanking, mji mkuu wa Wachina, ulipoanguka tuliandamana na taa za karatasi, na Nezu alikuwa ameandika herufi za taa zote mia mbili. Mimi nilibeba moja. Nilikuwa na furaha, sitadanganya. Yaliyowapata watu wa Nanking mikononi mwa askari wetu hatukuambiwa, wala hatukuuliza.

Kule Ulaya nao hawakutaka kupitwa. Mjerumani, ambaye alikuwa amepigwa katika vita iliyotangulia na hajawahi kuimeza, aliingia Poland, kisha Ufaransa, na wakubwa wetu wakaona huyu ndiye rafiki wa kutia naye saini. Wakatia. Kisha jeshi letu likashuka hadi Indochina ya Wafaransa, na Wamarekani wakatunyima mafuta.

"Wametunyima mafuta," Gondo alieleza dukani kwangu, "kwa hiyo itabidi tuyafuate kusini."

"Si walitunyima kwa sababu tulikuwa tunaelekea kusini?" aliuliza Nezu.

"Ndiyo maana tuharakishe."

Asubuhi ya tarehe nane Desemba 1941 redio ilitangaza kwamba tumeingia vitani na Amerika na Uingereza. Gondo alikuja mbio, koti limefungwa vifungo upandeupande.

"Fundi, bango la kituo cha treni. Andika kubwa."

"Kubwa kiasi gani?"

"Lionekane hadi Amerika."

"Basi niletee kitambaa zaidi."

Kitambaa cha nguo hakikuwepo madukani. Kila kitu kilikuwa kwa kuponi, hata soya yangu, ambayo sasa ilikuja nusu mchanga. Lakini kitambaa cha mabango hakikukosekana kamwe. Mtu angeweza kukosa nepi, asikose bango.

Wiki chache baadaye karatasi nyekundu ya kuitwa jeshini ikafika nyumba ya Nezu. Ryohei alikuwa na miaka ishirini na mbili, kijana mrefu asiye na haraka, aliyekuwa akifundisha watoto hesabu na kuja kwangu kila Jumamosi kuchukua mabaki ya soya kwa ajili ya sungura wa shule. Desturi ilikuwa kwamba kila anayeondoka asindikizwe na bango refu lenye jina lake. Baba yake alikuwa amekwisha andika zaidi ya mia.

Hili hakuliandika. Siku ya kwanza alisema wino mzito. Siku ya pili, brashi zimekufa. Siku ya tatu Tome alikuja kwangu na bakuli tupu, akasimama bila kuliweka chini.

"Jirani, amekaa mbele ya kile kitambaa tangu alfajiri."

"Muache."

"Namuacha. Nadhani anafikiri asipoliandika, treni haitaondoka."

Asubuhi ya nne Gondo alimkuta bado amekaa.

"Fundi, unatutia aibu. Mtaa mzima utapiga kelele za furaha saa nne, na mwanao hana bango."

Ryohei mwenyewe ndiye aliyemaliza jambo. Alipiga magoti, akachovya brashi, akampa baba yake mkononi. "Baba, andika tu. Nikienda bila bango, Mwenyekiti atatembea mbele yangu badala yake, na watu watadhani yeye ndiye anayekwenda. Usimpe raha hiyo."

Nezu aliandika. Zilikuwa herufi mbovu kuliko zote alizopata kuandika, zinateremka kuelekea kushoto kama mtu aliyelewa. Kituoni tulipunga vibendera. Ryohei aliinama mara tatu, akapanda. Tome hakulia, kwa sababu mama wa askari hakutakiwa kulia, na Gondo alikuwa amesimama karibu yake kuhakikisha.

Singapore ikaanguka mikononi mwetu Februari, watoto wa shule wakagawiwa mipira ya kuchezea ya raba kama zawadi ya ushindi. Mipira hiyo ilidumu kuliko ushindi. Katikati ya mwaka meli zetu kubwa zikazamishwa karibu na kisiwa cha Midway, nasi tukatangaziwa kwamba tumeshinda. Gondo, kwa upande wake, alifungua vita na maneno ya kigeni. Mgahawa wa kona uliitwa Roza, jina ambalo Nezu aliliandika kwa rangi nyekundu akitumia siku sita. Aliamriwa kulifuta na kuandika Nyumba ya Chai ya Uzalendo. Alifuta kwa nusu saa. Chai yenyewe haikuwepo.

Kisha, Februari 1943, redio ikasema kwamba majeshi yetu yaliyokuwa katika kisiwa cha Guadalcanal yametimiza shabaha yao na sasa "yamegeuza mwelekeo na kusonga mbele."

Nezu aliweka brashi chini. "Yamesonga mbele kwenda wapi?"

"Kwingine," alisema Gondo.

"Mwenyekiti, mimi ni fundi wa maneno. Mtu akigeuka akaondoka, huko ni kurudi nyuma."

"Neno hilo halimo jeshini."

"Hata miguu haimo?"

Gondo alitazama mlangoni kwanza, kisha akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ulimi huo utamponza.

Vuli hiyo taarifa ikaja: Ryohei Nezu amekufa kishujaa vitani, katika visiwa vya kusini. Mwezi mmoja baadaye likaja sanduku jeupe la mifupa. Tome alilipokea kwa mikono miwili, akalibeba shingoni kwa kitambaa cheupe, watu wakainama barabara nzima. Kufungua sanduku hakukuruhusiwa. Walilifungua. Mlikuwa na jiwe, la ukubwa wa yai, na kipande cha karatasi chenye jina lake limekosewa herufi moja.

Nilikuwepo. Nezu alilitazama jiwe muda mrefu, kisha akaitazama ile karatasi, akakohoa.

Kila nyumba iliyopoteza mtu ilipewa kibao cha kutundikwa mlangoni: Nyumba ya Heshima. Vyote alikuwa akiviandika Nezu. Gondo alikuja na kibao kipya, akakiweka juu ya meza kwa mikono miwili, sauti yake imekuwa laini kama ya mtu anayetoa posa.

"Fundi, najua ni vigumu. Ila heshima ni ya mtaa wote."

"Nitaandika."

Kesho yake asubuhi kibao kilikuwa mlangoni, kwa maandishi mazuri kuliko yote mjini Mikazuno, kila mstari umesimama wima: *Hapa wanaishi wazazi wa jiwe.*

Watu walipita wakisoma, kisha wakaharakisha kama wameungua. Adhuhuri walikuja polisi wawili. Tome aliniambia aliwamiminia maji ya moto vikombeni, kwa kuwa chai haikuwepo, na mumewe akaomba ruhusa ya kuosha brashi kwanza. Walimweka mahabusu siku tisa. Alirudi bila meno mawili ya mbele, na mkono wa kulia vidole vimevimba hata hawezi kushika vijiti vya kulia chakula.

Nilimpelekea tofu, kwa sababu ndicho chakula kisichohitaji meno.

"Walikuuliza nini?" nilimuuliza.

"Nani alinituma. Nikawaambia, jeshi. Wao ndio walioleta jiwe."

"Uliwaambia hivyo kweli?"

"Siku ya kwanza," alisema. "Siku ya pili nikawaambia nimekosea tahajia."

Baada ya hapo mabango yaliandikwa na karani wa Gondo, na mtu asiyejua mambo ya vita angeweza kuyasoma tu akaelewa tunaelekea wapi. Mwanzoni yalisema tutashinda. Kisiwa cha Saipan kilipochukuliwa na Wamarekani yakasema tutavumilia. Ndege zilipoanza kuchoma miji mmoja baada ya mwingine, yakasema tufe pamoja. Kengele ya hekalu iliyeyushwa ili iwe risasi, sisi wanawake tukafundishwa uani mwa shule kumchoma Mmarekani kwa mianzi iliyochongwa. Tome alifanya mazoezi karibu yangu. Alishika mwanzi wake kama fimbo ya kuanikia nguo, na kila Gondo alipompita alimwelekezea ncha, kwa bahati mbaya, akaomba radhi.

Agosti 1945 miji miwili ikateketezwa, kila mmoja kwa bomu moja. Tarehe kumi na tano adhuhuri tulisimama mbele ya redio ya hekalu tukamsikia Mfalme kwa mara ya kwanza. Alizungumza lugha ya ikulu, sauti inakwaruza, na nusu yetu tulidhani anatuhimiza tuendelee. Nezu ndiye aliyetutafsiria.

"Tumegeuza mwelekeo," alisema.

Hakuna aliyecheka. Tome aliketi chini pale pale kwenye changarawe na kulia, mara ya kwanza mbele za watu, na safari hii Gondo alikuwa anashughulika na machozi yake mwenyewe.

Hayakuchukua muda kukauka. Oktoba, iliposikika kwamba magari ya Wamarekani yatapita, Gondo alikuwa mlangoni kwa Nezu na karatasi yenye herufi za kigeni.

"Fundi, vidole vimepona? Andika: Karibuni. Kwa Kiingereza."

"Lugha ya adui?"

"Adui gani? Mambo yamebadilika, bwana."

"Andika mwenyewe, Mwenyekiti. Wewe ndiye mwenyeji wao."

Gondo akaandika mwenyewe, na herufi mbili zikasimama kichwa chini. Askari wa kwanza kupita alilipiga picha bango hilo akicheka, na Gondo akamwinamia.

Msimu wa kuchipua uliofuata alikuja mtu mmoja aitwaye Sekiya, mwembamba, koti la jeshi limekatwa alama zake. Alikuwa kikosi kimoja na Ryohei. Alikuwa ameshuka kituo kisicho chake ili aje kusema. Tome alimpikia mchele wote uliokuwa ndani ya nyumba, akamngoja amalize kula.

"Sema yote," alimwambia. "Usituonee huruma, mwanangu. Tumeshaonewa ya kutosha na magazeti."

Sekiya alisema. Ryohei hakupigwa risasi. Meli za chakula zilikuwa zinazamishwa, na kwenye kile kisiwa walikula mizizi, kisha mijusi, kisha nyasi. Ryohei alikuwa anawahesabia wenzake siku za kuishi: anayeweza kusimama, siku thelathini, anayeweza kuketi, ishirini, asiyeweza kufukuza nzi, mbili. Alihesabu vizuri. Alipofika mwenyewe kwenye siku ya mwisho alimwambia Sekiya, naye akakaa karibu naye hadi mwisho.

"Alisema chochote?" aliuliza Nezu.

"Aliuliza kama naweza kumfukuzia nzi."

Jumapili iliyofuata Nezu alipeleka hekaluni mwimo mpya wa kaburi, ile nguzo ya mbao yenye jina la marehemu. Kasisi alisoma, akamwomba abadilishe. Watu huandika "kwa ajili ya nchi," alisema, inafariji. Nezu alikataa kwa upole. Mwimo ulisimama ulivyoandikwa: *Ryohei Nezu, mwalimu wa hesabu, miaka ishirini na mitatu. Njaa.* Katika miezi miwili iliyofuata familia nne zilimjia kimya kimya, kila moja na mwimo wake mtupu.

Mwaka 1947 Gondo aligombea udiwani, kwa kaulimbiu ya amani. Mimi na Tome tulikwenda kupiga kura pamoja. Ilitupasa kuandika jina la mtu tunayemtaka, na Tome alikaa mle ndani ya kibanda muda mrefu hata karani akagonga. Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza amemwandika nani.

"Mwanangu," alisema. "Najua haihesabiwi."

Gondo alishinda kwa kura nyingi sana.