Mkono Uliokaza Filta

Simwombi mtu aniamini. Kila nikisimulia kisa hiki hakosekani wa kukunja uso na kuniuliza kama siku ile nilikuwa nimekula, kama nilikuwa na malaria, kama si kawaida ya wajane kuona mambo. Nilikuwa nimekula. Malaria sikuwa nayo. Na ilikuwa mchana kweupe, jua la Bujumbura limesimama kichwani, katika mtaa wa Buyenzi ambako kila ukigeuka kuna gereji. Anayetaka kucheka na acheke, lakini anisikilize mpaka mwisho.

Mume wangu alikuwa dereva wa teksi. Alipofariki aliniachia mtoto wetu Keza na Toyota kuukuu. Majirani zetu wa Kanyosha walidhani nitaliuza lile gari. Nikakaa kwenye usukani mwenyewe. Mwanamke dereva wa teksi! Walicheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kupanda, kwa sababu ninawafikisha. Gari lile ndilo shule ya Keza, ndilo maharage yetu, ndilo pango la nyumba. Bila gari lile mimi na mwanangu tungekuwa barabarani, nakwambia bila kupamba.

Shida ilikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anayefanya biashara ya kuvusha bidhaa mpakani huko Gatumba. Tangu siku ya mazishi alisema gari ni la ukoo wao, na kwamba litazungumzwa siku ya kuganduka. Kwetu Burundi kuganduka ndiko kumaliza matanga: ukoo hukaa, hunywa, na mwenye neno juu ya alichoacha marehemu husimama akalisema mbele ya wote. Likishasemwa pale na wakubwa wakalikubali, limekwisha. Siku hiyo ilipangwa Jumamosi. Haya yangu yalinikuta Ijumaa, siku moja kabla.

Asubuhi nilikwenda Buyenzi kufanya vidanje, yaani kumwaga oili ya zamani ya injini na kutia mpya pamoja na filta mpya. Utasema ni ujinga kulihudumia gari ambalo huenda kesho ukanyang'anywa. Mimi nililihudumia kwa makusudi. Nilitaka walikute linanguruma, wajue lina mwenyewe.

Muuza vipuri alinitolea filta inayong'aa. "Hii ni original, mama, imefika jana." Nikaipima mkononi, nyepesi. Nikachungulia kwenye vitundu vyake, karatasi ya ndani imesinyaa na ina weusi. Filta iliyokwisha kutumika, ikaoshwa kwa petroli na kupakwa rangi! Hiyo ukiifunga inaziba, oili haipiti, na injini inajisaga yenyewe.

"Hii umeiosha weye ao ni bibi yako njo aliosha?" nikamwuliza.

Akacheka, wala hakuona haya. Akainama chini ya meza akanitolea nyingine, nzito, karatasi yake safi, mpira wa mdomoni laini bila mkunjo. Nikaichukua hiyo.

Mambo hayo alinifundisha mume wangu. Alipokuwa akifanya vidanje uani kwetu alilala chini ya gari juu ya katoni, nami nikamshikia tochi. Alikuwa na namna yake ambayo hakuiacha hata siku moja. Alichovya kidole katika oili mpya, akapaka ule mpira wa mdomoni mwa filta, kisha akaifunga kwa mkono mpaka ikagusa, akaongeza kidogo tu, basi. Spana kwake ilikuwa ya kufungulia filta, kamwe si ya kuifungia. Alisema filta iliyofungwa kavu na kukazwa kwa spana huchana mpira wake, na siku ya kuifungua utaitukana mbingu. "Mukono unatosha," ndivyo alivyokuwa akiniambia, na mimi nikimcheka kwa kurudia jambo moja kila siku.

Fundi wetu wa siku zote ni Rajabu. Akafungua nati ya chini, oili nyeusi ikashuka yote kwenye beseni, akatoa filta ya zamani, na hapo hapo adhana ikalia. Ijumaa Buyenzi haina mjadala. Rajabu akafuta mikono, akaweka kifuniko cha oili juu ya boneti, mbele ya kioo, ambayo ndiyo alama ya mafundi wa kule kwamba injini haina kitu, mtu asiwashe. Ufunguo akanikabidhi.

"Shika hii mukononi, mama. Usiwashe. Mi nakuya nikimaliza kusali."

Wakaenda wote. Mtaa uliokuwa ukipiga nyundo na kubishana tangu asubuhi ukanyamaza. Mimi Mkristo nikabaki nimekaa juu ya tairi chini ya kibanda cha mabati, filta mpya mapajani, ufunguo mkononi, nikiwaza kesho yangu.

Ndipo akatokea. Alipita katikati ya magari mawili yaliyong'olewa milango, akasimama mbele yangu. Mume wangu. Niamini au usiniamini, alikuwa yeye: kovu la kwenye nyusi, sikio lililokunjika kidogo juu, na suti ya kijivu tuliyomzika nayo, niliyoipiga pasi mimi mwenyewe. Alinukia sabuni ile tuliyomwoshea.

Sikukimbia. Ungekimbia wewe? Pengine. Mimi nilikuwa nimelala miezi mingi upande mmoja wa kitanda, nikiogopa kugusa ule mwingine uliopoa. Nililia, lakini sikutaka aondoke.

"Mama Keza," akasema, na sauti ilikuwa ile ile, "mbona uko hapa peke yako?"

"Weye uliniacha peke yangu," nikamjibu. Ndivyo nilivyo. Hata kwa maiti nina jibu.

Akaniambia amechoka. Akasema huko aliko hapati usingizi. "Ni juu ya hii gari. Ni ya mudogo yangu, mi nilimuahidi. Ufunguo ikibaki kwako, mi sitalala. Nipatie, nimupelekee. Kesho kwa kuganduka useme tu mbele ya watu kama umemupatia, na mi nitapumuzika."

Utanilaumu? Mtu uliyempenda anasimama mbele yako akikuambia wewe ndiye unayemnyima usingizi kaburini. Nilimwona Keza akirudishwa kutoka shule, nikajiona nikiomba nafasi ya kulala kwa dada yangu, na bado mkono wangu ulikuwa umekwisha kufunguka. Ufunguo ulikuwa kiganjani, wazi. Alikuwa amebakiza kuuchukua tu.

Nikamwomba jambo moja. Wallahi, kama wasemavyo watu wa Buyenzi, sikumwomba kwa ujanja wala kwa kumpima. Nilimwomba kwa hamu tu. "Nifungie hii filta," nikasema. "Nikuone mara moja tu, halafu utaenda."

Akasita. Akautazama ufunguo, akaitazama filta. Kisha akaichukua, akalala juu ya katoni ya Rajabu na suti yake nzuri, nami nikachuchumaa kando kumwangalia mikono.

Kopo la oili mpya lilikuwa hapo karibu na kichwa chake, limefunguliwa. Hakuligusa. Aliipandisha filta kavu vilevile, akaizungusha kwa pupa, ikaingia mshazari, akaitoa na kulaani, akairudisha. Halafu akanyoosha mkono akatafuta spana ya mnyororo, akaifunga nayo filta na kuikaza, akikoroma kwa nguvu, akikaza, akikaza, mpaka nikasikia ule mpira ukilia.

Machozi yangu yalikauka papo hapo. Kilichokuja badala yake sikuwa nimekijua tangu msiba uanze: hasira. Hasira safi. Mtu alikuwa amevaa uso wa mume wangu. Alikuwa ameingia katika msiba wangu kama mwizi aingiavyo jikoni, akachukua kovu, akachukua sikio, akachukua hata harufu ya sabuni, akaja nayo kuninyang'anya mkate wa mwanangu!

"Toka chini ya gari yangu," nikasema.

Akatoka, akasimama. "Leta ufunguo."

"Apana."

"Leta ufunguo, Mama Keza. Mi ni bwana yako."

"Bwana yangu alikufa. Mi mwenyewe njo nilimuzika. We ni nani?"

Hapo akanishika kifundo cha mkono wa kushoto. Sijui nikueleze vipi baridi ile. Iliingia mpaka kwenye mfupa, vidole vikafa, na nilihisi ufunguo ukianza kuniponyoka. Lakini mkono wa kulia ulikuwa wangu bado. Niliinama, nikalishika beseni la oili chafu, zito, likiwa limejaa, nikamwagia yote, toka utosini.

"Unawe na hii, mwizi!"

Hakupiga kelele. Alifumba macho, uso ule wa mume wangu ukalegea, ukateleza upande mmoja kama shuka inayoanguka kwenye kamba, na nilipopepesa hakukuwa na mtu. Nikatazama chini nione oili. Nakuapia, ardhi ilikuwa kavu. Beseni zima la oili nyeusi, na hapakuwa na tone kwenye vumbi, wala kwenye katoni, wala kwenye sketi yangu.

Rajabu alirudi akiwa bado na kofia yake ya swala. Jambo la kwanza aliuliza oili yake, kwani huwapa maseremala, wanaipaka mbao zisiliwe na mchwa.

"Mama, mafuta yangu iko wapi?"

Nikamwambia aangalie filta kwanza. Akaingia chini, akajaribu kwa mkono, akajaribu kwa spana, haikusogea. Ilimbidi aitoboe kwa bisibisi tumboni na kuizungusha kwa nguvu zake zote mpaka ikatoka imepasuka, mpira wake umechanika vipande. Akatoka amekunja uso.

"Nani alifunga hii? Huyu si fundi. Huyu ni mutu mwenye chuki."

Nilipomsimulia, akasoma dua yake, akaniambia ninyamaze, nisilitaje jambo lile popote. Nikaenda kununua filta nyingine, na hii nikaifunga mimi, kwa kidole na oili, kwa mkono wangu wa kulia. Wa kushoto ulikuwa bado haunyanyui kitu.

Kesho yake ukoo ukakaa uani kwangu. Shemeji alichelewa. Aliingia amevaa kofia iliyoshuka mpaka kwenye nyusi na taulo jeupe shingoni, katika joto lile ambalo hata kuku walikuwa wamejificha. Sikumtazama sana, kusema kweli. Nilikuwa nikiyapanga maneno yangu. Alipopewa nafasi akasimama, akakohoa, akasema kaka yake amemtokea ndotoni na kumwambia gari ni lake. Kadiri alivyosema ndivyo alivyotoka jasho, na jasho lenyewe likaanza kushuka kutoka chini ya kofia, likapita kwenye shavu, likaingia kwenye lile taulo. Lilikuwa jeusi.

Nilielewa kabla ya wote. Iliniuma, sitakuficha, maana huyu nilimpikia, huyu alimbeba Keza mgongoni. Lakini nikasimama.

"Shemeji," nikasema, "enda unawe kwanza. Ukishatakata, utaniambia mambo ya gari."

Shangazi yao mkubwa, mama mzee ambaye hana haraka na kitu, akainuka, akalishika taulo lile, akalinusa. Akamtazama yule mtoto wa kaka yake, ambaye maishani mwake hajawahi kumiliki hata baiskeli.

"Hii ni mafuta ya moteri," akasema. "Umelala chini ya gari ya nani, we?"

Alichukua njia akaenda, na hakuna aliyemwita arudi. Shangazi akasema mbele ya wote kwamba gari ni la mama wa mtoto, wakubwa wakakubali, tukanywa.

Tangu siku hiyo kifundo changu cha kushoto hakijapata joto. Nakiweka kwenye maji ya moto, nakianika juani, ni baridi vilevile, na ukikigusa utarudisha mkono. Wanaotoka Gatumba wananiambia shemeji anaoga mara nyingi kwa siku, na mto wake wa kulalia ni mweusi kila asubuhi. Sijafurahi, wala sijasikitika. Kinachoniuma ni kingine: ameniharibia ndoto. Nikimwota mume wangu siku hizi siwezi kumkumbatia moja kwa moja, lazima nimkague kwanza, na mpaka nimalize kukagua kumekucha.

Nimeshauriwa niliuze gari, lina mkosi. Nimeshauriwa nitafute mganga, nimeshauriwa nifunge na kuomba, na kila mtu ananisihi nisitaje tena jambo hili, lisije likarudi. Na lirudi! Vidanje yangu naifanya Ijumaa, Buyenzi, saa ile ile ya swala, nikiwa nimekaa peke yangu juu ya tairi na ufunguo nimeushika kwa mkono huu huu wa baridi. Mabeseni ya oili chafu hayajaisha mjini.

Na wewe unayenisikiliza, kama una mtu wako aliyelala udongoni, siku akija mlilie, zungumza naye, mpe hata kiti. Lakini akikuomba hati ya kiwanja, akikuomba ufunguo, akikuomba chochote kinachomlisha mwanao, usimpe. Maiti hahitaji gari. Anayelihitaji yuko hai, na huenda jana mlikula naye sahani moja.