Dada Yangu Aliyeulizwa

Nikinusa mafuta ya langilangi, hata leo nikiwa na wajukuu, kitu cha kwanza kunijia ni wivu. Wenzangu hukumbuka harusi na nywele za mama zao. Mimi hukumbuka sanduku la dada yangu Zalihata likifunguliwa sakafuni kwetu Mahabibo, mtaa wa Mahajanga, harufu ile ikajaa chumba kizima, nami nikakunja uso.

Zalihata alilelewa Ambondrona, kisiwani Nosy Be, na shangazi yetu Mariama, mjane asiye na mtoto aliyeishi kwa kuchuma maua ya langilangi mashambani. Alirudi Mahajanga akiwa mwari wa kuolewa, mimi nikiwa na miaka kumi. Nilitarajia mgeni mpole. Akaja mtu mwenye kauli yake. Kwa shangazi alizoea kuulizwa. Leso hii au ile? Wewe wasemaje? Kwetu mtoto aliulizwa jambo moja tu: "Nani kavunja hiki?" Na ajabu ni kwamba baba, mtu mkali ambaye kikohozi chake kilitosha kutunyamazisha sote, naye akaanza kumuuliza Zalihata samaki apikwe vipi. Niliyasikia hayo nikiosha vyombo uani, na nikavigonganisha makusudi.

Nchi ilikuwa imepata uhuru juzijuzi tu. Shuleni tuligawiwa vibendera, mwalimu akatueleza kwa Kifaransa kwamba sasa sisi ni watu huru, hakuna tena wa kutuamulia. Niliyabeba maneno hayo mpaka nyumbani. Bibi alipopakua kisamvu, nikasema, "Sitaki." Hakunigombeza. Aliiondoa sahani, akaipeleka kwa jirani, akasema kwa Kingazija chake kwamba kinywa cha mtoto ni cha kulia wali, si cha kutolea hukumu. Nikalala na njaa, na Zalihata akaulizwa kama ataongezewa.

Halafu ikaja posa. Mwenye duka la vitambaa kule Mangarivotra alimtaka Zalihata kwa mwanawe, wakaleta bangili ya dhahabu. Kwetu kimya cha mwari ndiyo ridhaa yake: huulizwa, huinamisha kichwa, na wanawake hupiga vigelegele. Baba alipomuuliza, bibi alikuwa ameshavuta pumzi.

"Sitaki, baba," Zalihata akasema. "Ni kijana mwema, lakini sitaki."

Lilikuwa neno langu lilelile! Nikangoja naye aondolewe sahani.

Baba alizichezea ndevu zake. Mwishowe akasema, "Dini imeniamuru nikuulize. Siwezi kukuuliza kisha nikaziba masikio. Neno ni lako. Lakini sitamtuma mtu kulipeleka. Utalipeleka mwenyewe."

Niliambiwa nimsindikize. Tulipanda pusipusi, kigari cha kukokotwa na mtu, na mwendo mzima kijana aliyetuvuta aliimba, maana hakuwa na habari. Zalihata alikuwa amejipaka usoni msindano, ile liwa ya kwetu; jasho lilichora mistari juu yake. Mikono yake iliyoshika kitambaa kilichofungiwa bangili ile ilikuwa ikitetemeka, nami niligeuka upande mwingine nisiione.

Mama wa yule kijana alitukaribisha kwa chai na vitumbua vya mokari vya moto, akidhani tumeleta habari njema. Mimi nilikula. Zalihata alipiga magoti, akaiweka bangili mkekani.

"Mama, nimekuja kuirudisha. Wazazi wangu hawana kosa. Aliyekataa ni mimi."

"Mwanangu ana ila gani?"

"Hana, mama."

"Basi yuko mwingine?"

"Hakuna. Lakini ningekubali, ningekuwa namdanganya kila siku."

Machozi yakamlengalenga yule mama. "Umeniumiza," akasema. "Hata hivyo umekuja mwenyewe. Nenda sasa, binti yangu, kabla mwanangu hajarudi."

Njia nzima ya kurudi Zalihata alilia, na mvuta pusipusi akaacha kuimba. Mnadhani nilimhurumia? Wallahi, nilizidi kumwonea wivu. Mtu mzima alikuwa amezungumza naye kama mwenzake, akatokwa na machozi kwa neno lake. Baadaye mtaani walimpita bila salamu, bibi akamsusia mpaka Ramadhani, na kwa muda mrefu posa nyingine haikuja. Yote hayo niliyaona kwa macho yangu, na bado nikayataka yawe yangu.

Miaka ikapita, nikawa mwari mimi. Ilipokuja posa yangu, baba, aliyekuwa amezeeka na kulainika, aliniita uani. "Rukia," akasema, "wewe wasemaje?"

Swali nililolililia utoto mzima! Nilimfikiria kijana wa watu na mama yake, nikafikiria mtaa mzima, nikajikuta naomba baba akohoe tu, aniamulie. Hapo ndipo nilipofahamu kilichomtetemesha dada yangu mikono. Miaka yote nilikuwa nimemwonea wivu wa kusema neno, na kamwe sikumwonea wivu wa kupiga magoti kwenye mkeka ule mbele ya mtu aliyemuumiza, wakati angeweza kunyamaza na kupendwa na wote. Hakuna aliyeweza kupiga magoti yale kwa niaba yake, na kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haki ya kumsemea neno lile.

Nilimwomba baba anipe siku mbili tatu, nikakimbilia jikoni kwa Zalihata. Nilimsihi aniambie nijibu nini.

Alikuwa akikuna nazi. Alicheka, wala hakuinua kichwa.

"Anayeolewa si mimi," akasema. "Kaseme mwenyewe."