Kichwa cha Zaituni

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu ni ile niliyomwacha Zaituni kwenye kiti cha saluni, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, nikaenda kutazama filamu. Cheka tu. Hata mimi nacheka sasa. Siku ile sikucheka.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, msusi katika saluni ya Mama Nyamizi, kwenye barabara ya kwenda Kitete. Mama Nyamizi alikuwa mkali wa macho, lakini ukimwamkia vizuri asubuhi alikukatia muhogo wa chai. Wiki ile watu wa filamu walikuja mjini, wakatundika mapazia meusi kwenye madirisha ya ukumbi mmoja, wakawa wanaonyesha filamu mchana na jioni, bure. Bure, mwanangu! Mimi niliyezoea kusimama nje ya vibanda vya video nikisikiliza sauti tu. Nikainakili ratiba yote kwa mkono, nikaificha ndani ya pakiti ya rasta.

Kwa siku nne niliishi kwa uongo mdogo mdogo. Asubuhi nasuka, mchana natoka eti kununua nyuzi, narudi nahema, nasuka tena, jioni nakimbilia kwa marafiki walionishikia kiti. Mwili ulichoka, ila roho ilikuwa sherehe tupu. Nilijiona mjanja kweli.

Siku ya tano ikawa zamu ya Zaituni, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Saa kumi alasiri watu wa mchumba wake walikuwa wanakuja kwao kutoka Usoke kumvisha pete, naye alikuwa ameapa kwamba hasukwi na mtu mwingine ila mimi. Alikaa kitini saa nne asubuhi. Lakini saa saba kulikuwa na filamu niliyoingoja wiki nzima, ya binti anayeifuata kwa miguu njia ya zamani ya wapagazi, kutoka huku kwetu hadi pwani. Niliamini itachukua saa moja tu. Nitarudi, nitamaliza, hakuna atakayejua.

"Zai, rasta zimeisha. Nafika sokoni mara moja," nikamwambia.

"Usichelewe, shoga yangu. Mama mkwe anakuja na macho yake yote."

Rasta hazikuwa zimeisha, na filamu haikuwa ya saa moja.

Wewe unaijua kazi yetu. Kichwa kilichoanzwa na msusi mmoja hakimaliziwi na mwingine. Mmoja anakaza, mwingine analegeza, mistari inakataa kufanana, na kila mwanamke atakayekaa nyuma yako ataona. Kwa hiyo Mama Nyamizi hakuweza kuniokoa. Saa nane ilipopita, Zaituni akaanza kulia mbele ya kioo. Mama akafungua boksi la rasta, akalikuta limejaa. Akachukua pakiti ya juu, na ratiba yangu ikaanguka miguuni pake.

Mimi huko ukumbini nilikuwa nimezama. Mara mlango ukafunguliwa, mwanga ukaingia, nikamwona Mama Nyamizi na mkoba wa rasta begani, na nyuma yake mtu aliyejitanda khanga kichwani.

"Yuko wapi msusi wangu?"

Sauti ile haikuhitaji spika. Ukumbi mzima ukageuka. Nikanyoosha kidole kama mwanafunzi.

Alikuja mpaka safu ya nyuma nilipokaa. Nikainuka nitoke naye. Lakini wakati huohuo, kwenye filamu, yule binti alikuwa anamuuliza bibi mmoja wapagazi walilala wapi, na bibi akajibu kwa Kinyamwezi. Mama Nyamizi akageuza shingo. Babu yake alikuwa mpagazi, alitusimulia mara nyingi. Akasimama vile, mkono kiunoni, kisha polepole akaketi.

"Hatoki mtu," akasema kwa sauti ya chini. "Zaituni, kaa hapo chini. Na wewe, msuke hapa hapa. Vidole vyako havihitaji taa."

Basi nikasuka gizani, Zaituni katikati ya magoti yangu, Mama akinipa rasta mojamoja bila kuondoa macho kwenye picha. Zaituni alilia kidogo, kisha akaanza kucheka, kisha akaninong'oneza, "Huyu binti ni nani?" Sijawahi kuona aibu na furaha kwa pamoja kiasi kile.

Taa zilipowashwa kichwa kilikuwa kimekwisha, ila mstari mmoja nyuma ya sikio la kushoto ulikuwa umekwenda upande. Bibi wa kwenye filamu alipoanza kucheza ngoma, hapo ndipo nilipojisahau. Muda wa kufumua haukuwepo. Zaituni alivishwa pete akiwa na mstari wake uliopinda, na kwenye picha ya siku ile unaonekana mpaka leo.

Mama Nyamizi hakunigombeza mpaka tulipobaki wawili.

"Sikukasirikia filamu," akasema. "Nimekasirikia uongo wa nyuzi. Ungeniambia ukweli, Zaituni angesukwa asubuhi na mapema, tukafunga mlango, tukaenda wote watatu tukakaa mbele. Sasa umenikosesha mwanzo!"

Alinifanya nimsimulie ule mwanzo mara tatu.

Nakwambia haya kwa sababu jana nilifungua pakiti ya rasta nikaikuta ratiba ya tamasha la filamu la wiki hii, imekunjwa mara nne, saa nane ya leo imezungushiwa wino. Na asubuhi umeniambia nyuzi zimeisha.

Zipende filamu, mwanangu, na marafiki zako wapende. Lakini anayekutegemea mwambie saa zako mapema, tena kwa ukweli, akukubalie au akukatalie. Ukimwibia mtu saa yake, hata starehe uliyoifuata utaila ukitazama mlango. Na kichwa cha mtu ukishakishika, kimalize. Mungu akubariki, akupe kazi usiyoichoka, marafiki wa kukucheka bila kukuchukia, na akujalie kila filamu uione tangu mwanzo.

Haya, weka chini hilo chanuo. Mteja wako wa saa nane nimempigia simu, atakuja kesho asubuhi. Twende zetu. Zaituni anatungoja ukumbini, na kichwa chake nilikimaliza jana.