Bakuli la Maji Juu ya Miguu Mitatu

Mimi si mtu wa kusifu watu. Walionisifu walikuwa na haja zao, na niliowasifu walinigeuka, kwa hiyo sifa niliziweka kando zamani. Lakini yule mama tuliyemwita Fundi Miguu, nikikaa kimya juu yake nitakuwa nimeingia kundi la wanaonyamazia kazi za wenzao. Kundi hilo nalijua vizuri. Lilininyamazia mimi miaka kumi na tisa.

Miaka hiyo yote nilikuwa kwenye studio ya picha ya mume wangu. Yeye alikaa mlangoni, suruali imenyooshwa, anachekesha wateja. Ndani, nyuma ya kamera, nilikuwa mimi. Maharusi, wahitimu na majoho yao, wazee wa pasipoti wasiotaka kufungua macho, wote walipita kwenye jicho langu. Nyuma ya kila picha ulipigwa muhuri wenye jina lake. Mimi shule niliishia darasa la pili, nikadhani muhuri ni mambo ya wasomi. Siku alipoleta mwanamke mwingine na mimi nikatolewa, aliwaambia ndugu zake kikaoni, "Huyu kazi yake ilikuwa kunishikia taa tu." Shemeji zangu wakatikisa vichwa kukubali. Wote wanne, picha za harusi zao nilipiga mimi.

Nilitoka na kamera moja ndogo aliyoiona mbovu kwa sababu kifuniko cha betri kilikuwa kimevunjika. Nilikifunga kwa utepe wa gundi, nikaendelea na kazi za hapa na pale.

Kisha machimbo ya mawe yaliyo nje ya mji yakatimiza miaka thelathini, na meneja wake akataka picha moja ya wafanyakazi wote, watu mia tatu na ushei, ikuzwe na kutundikwa ofisini. Studio ya mume wangu ikaitwa. Hapo mpishi wa machimbo akaingilia.

"Bosi, kama unataka picha, mwite na yule mke wake wa kwanza. Harusi yangu alipiga yeye. Mwanamume alikuwa nje anakunywa soda."

Meneja alikuwa mtu wa kupenda mashindano. Akasema tuje wote wawili siku moja. Picha itakayoonyesha kila uso ndiyo itakayotundikwa, na jina la aliyeipiga litaandikwa chini yake.

Jina langu, chini ya picha, ukutani. Nilipoambiwa hivyo nilikaa chini kwenye ndoo iliyokuwa karibu.

Sasa picha ya watu mia tatu si picha ya pasipoti. Wanasimama kwenye vidato vya mwamba, safu juu ya safu, wa mbele wako karibu na wa nyuma wako mbali. Ukitaka wote watoke wazi unabana tundu la lenzi, na ukilibana, lenzi inabidi ikae wazi muda mrefu kidogo, na muda huo kamera isitikisike hata kwa upana wa unywele. Kwa mkono haiwezekani. Nilihitaji stendi ya miguu mitatu, ile wengine wanaiita tripodi. Iwe ngumu ya kuhimili upepo wa machimboni, tena iwe nyepesi ya kubebwa na mwanamke anayekaribia hamsini, maana gari halifiki kwenye ukingo wa kupigia picha.

Duka la kwanza nililoingia, muuzaji alinitolea kitu chenye miguu kama ya panzi. Nilikigusa kikachuchumaa.

"Mama, hii ya kisasa hii!"

"Imekuwa ya kisasa kabla haijajua kusimama," nikamwambia, nikatoka.

Jirani yangu mshona viatu ndiye aliyenielekeza kwa Fundi Miguu. Karakana yake ilikuwa chini ya jengo la ghorofa nne, upande wa nyuma, mlango umetazamana na matangi ya maji. Nilipoingia nilisita. Magongo ya kutembelea yalining'inia darini, na kwenye rafu ilipangwa miguu ya bandia kwa urefu, mingine imevalishwa viatu kabisa. Katikati alikaa mama mfupi, mpana, miwani imefungwa kwa uzi wa kushonea, anapiga tupa kipande cha bomba.

"Karibu, mwanangu. Wako upi unauma?"

"Sijaja kwa ajili ya mguu. Nimeambiwa unauza stendi za kamera."

"Stendi si miguu hiyo? Kaa."

Maisha yake niliyapata vipande vipande, kwa kuwa alizungumza skrubu zikiwa mdomoni. Alianza kazi akiwa na miaka kumi na saba, mfagiaji kwenye karakana ya miguu ya bandia hospitalini. Alifagia vumbi la mbao na kutazama. Siku moja fundi mkuu hakufika, na mgonjwa mmoja alikuwa anatokwa machozi kwa jinsi mguu mpya unavyombana. Huyu mama akauvua, akaupapasa ndani kwa kidole, akaukwangua mahali padogo tu, akamvalisha. Mgonjwa akaondoka anatembea. Tangu hapo watu wakija walimtafuta "yule wa ufagio." Miaka thelathini na moja aliwavalisha watu miguu, na fundi mkuu akatia sahihi kwenye fomu. Alipostaafu walimpa cheti cha shukrani kwa utumishi wake katika usafi.

Cheti hicho kilikuwa ukutani, juu ya rafu ya miguu, kwenye fremu nzuri.

"Mimi ningelichoma moto," nikasema.

"Kwa nini? Kinanichekesha kila asubuhi."

"Huoni uchungu?"

Akatoa skrubu mdomoni, akanitazama. "Nauona sana tu. Lakini nikiushika mkononi, tupa nitaishika na nini?"

 Nikageukia stendi. Zilikuwa sita pembeni, alizonunua zikiwa zimevunjika akazitengeneza. Nikaenda moja kwa moja kwenye ile kubwa ya chuma, ndugu wa ile ya studio.

"Umeipendea nini?"

"Haitikisiki."

Alichukua bakuli, akalijaza maji, akaliweka juu ya stendi pale inapokaa kamera. Kisha, kwa uzito wake wote, akaruka na kutua sakafuni. Miguu ya rafuni iligongana. Nikayatazama maji. Yalikunja uso mara moja yakatulia. Miaka kumi na tisa nilishika kamera na sikuwahi kuwaza kwamba mtikisiko unaweza kuonekana kwa macho.

"Basi nachukua hii."

"Bado. Katika studio yenu stendi ilikuwa inahamishwa?"

"Haijawahi. Tulichora alama sakafuni."

"Ndiyo maana. Unachagua stendi kama mtu anayechagua kabati. Ibebe, panda nayo mpaka juu ya jengo, usipumzike."

Nilidhani ananidhihaki, nikaibeba kwa hasira. Ghorofa ya kwanza hasira ilinisaidia. Ya pili ikaniacha. Juu kabisa nilifika nahema kama pampu mbovu. Yeye alikuja nyuma polepole, bakuli kichwani, chupa ya maji kwapani. Akalijaza bakuli, akaliweka juu ya stendi. Maji kimya. Kisha akalitoa, akanipa mimi.

"Shika wewe."

Mikono yangu ilitetemeka, maji yakanimwagikia gauni lote.

"Stendi haitikisiki," akasema. "Mpiga picha je?"

Nilicheka bila kutaka. Tukashuka, nikapanda na ya pili, nyembamba, ya alumini, inayojikunja mpaka kuingia kwenye mkoba. Hiyo niliibeba kama mwavuli. Lakini juu ya paa upepo ulipopita tu, maji yakaanza kucheza yasinyamaze. Akanionyesha: kila mguu una vipande vinne, cha mwisho chembamba kama penseli.

"Kila kiungo ni mahali pa kulegea. Mtu mwenye magoti manne kila mguu ungemwamini kubeba mtoto?"

Ya tatu ilikuwa nyeusi, ya kaboni, vipande vitatu kila mguu, imekwaruzwa, na mguu mmoja ni wa kijivu kwa sababu alikuwa ameutengeneza upya kwa bomba la gongo. Nilifika nayo juu nikiwa bado naweza kuongea. Akajaribu kila komeo la viungo vyake kwa kidole gumba, akaikandamiza kwa mikono miwili kana kwamba anamkalisha mtu, isizame. Akaweka bakuli. Upepo ukapita ukavuta kanga yake. Maji hayakusogea. Niliinama nikaona wingu ndani yake, lote, na kingo zake.

"Hiyo shingo ya katikati usiivute juu," akaniambia. "Ukiivuta umerudi kwenye mguu mmoja. Tumboni kuna ndoano, ning'iniza kitu kizito. Na kwenye mteremko, miguu miwili ishuke bondeni, mmoja ubaki mlimani."

Siku ya picha nilifika machimboni kwa miguu, stendi ile nyeusi niliyoinunua ikiwa begani. Mume wangu alikuwa amekwishasimamisha yake, shingo imevutwa juu mpaka mwisho ili aonekane mrefu kuliko watu.

"Leo hukuja na taa?" akasema kwa sauti ya kusikiwa. Wapasua mawe wakacheka.

"Taa ya leo ni jua," nikasema. "Halihitaji kushikwa."

Wakacheka zaidi, safari hii si mimi niliyechekwa.

Akapiga zake haraka haraka, upepo ukiiyumbisha kamera kule juu, akawapungia mkono kama kiongozi. Zamu yangu ikafika. Na hapo, mbele ya watu mia tatu, mikono yangu ikafanya ilivyozoea studioni: mguu mmoja mbele, miwili kwangu. Mbele kulikuwa bonde. Nilipogeuza kamera, stendi nzima ikainama kuelekea shimoni. Nikaidaka kifuani.

"Aaah!" safu zote zikapiga kelele.

"Nilisema mimi," sauti ya mume wangu ikaja nyuma yangu.

Nilipiga goti nikajifanya nafunga kiatu, mpaka moyo ukatulia. Miguu miwili bondeni, mmoja mlimani. Nikaifupisha, nikaitanua, shingo nikaiacha chini. Nikaning'iniza mfuko wangu kwenye ndoano, lakini ulikuwa mwepesi.

"Mama, mawe hapa hatuuzi, chukua tu!" mpasua mawe mmoja akasema, akanijazia mfuko.

Nikawaambia wavute pumzi na waishikilie mpaka nishushe mkono. Meneja akaamuru mashine zizimwe. Mimi sijui mnajua kimya cha machimbo kinavyokuwa. Vumbi lilibaki hewani likiwa limesimama. Watu mia tatu, vifua vimejaa, macho yote kwangu, na hakuna hata mmoja aliyepepesa. Lenzi ikafunguka. Nilihisi kana kwamba mlima wenyewe umeshikilia pumzi. Lenzi ikajifunga. Nikashusha mkono, na pumzi zao zikatoka pamoja, nikazisikia mpaka kule nilikokuwa.

Picha iliposafishwa na kukuzwa, niliipeleka kwanza kwa Fundi Miguu, kumwonyesha stendi yake ilivyofanya kazi. Aliilaza juu ya meza, akachukua kioo cha kukuzia. Sikumwona akitazama nyuso. Alianza chini, kwenye viatu, akapanda safu kwa safu.

"Huyu," akasema. Baadaye, "Na huyu." Kidole kikaendelea. "Huyu alisema hatarudi kazini kamwe."

Nikachelewa kuelewa. Jiwe likianguka halichagui, na wale waliopoteza miguu machimboni walikuwa wamevalishwa na yeye. Alihesabu kumi na mmoja. Kumi na mmoja waliosimama mbele yangu juu ya mwamba, nimewatazama mmoja mmoja, na sikumjua hata mmoja. Yeye aliwajua kwa jinsi kiuno kilivyokaa. 

"Wa safu ya nne anaegemea kulia," akasema kwa hasira kidogo. "Mwambie aje nimrekebishe."

Kesho yake tulikuwa ofisini kwa meneja, mume wangu na mimi, na mpishi aliyeingia na chai ambayo hakuna aliyeiagiza. Picha mbili zilikuwa mezani. Meneja alitafuta uso wa mlinzi, aliyesimama juu kabisa, safu ya mwisho. Kwenye picha ya mume wangu mlinzi alikuwa doa. Kwenye yangu alikuwa na ndevu ambazo hakuzinyoa vizuri upande wa kushoto.

"Hapo ni stendi iliyopiga, si yeye," mume wangu akasema.

"Basi siku nyingine nitaita stendi ije peke yake," meneja akajibu, na mpishi akamwaga chai kwa kucheka.

Mume wangu akaondoka bila kuaga. Meneja akageuza picha yangu kwake, akafungua kalamu ya wino, akaniuliza jina. Nilimtajia moja. Akasema hapana, lote. Nikataja la kwangu, la baba yangu na la babu yangu, taratibu, naye akaandika kwenye nafasi nyeupe chini ya miguu ya watu wote wale. Akanisogezea.

"Angalia kama ni sawa."

Kusoma kwangu ni kwa kidole. Nikaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, nikaenda moja baada ya nyingine mpaka ya mwisho, na humo ofisini hakuna aliyeniharakisha.