Picha Ambayo Hakuna Aliyeifuata

Kadzo Dzoro ndiye aliyekuwa akilifungua Jumba la Sanaa la Kibokoni, Mombasa, kila asubuhi, akilifagia na kupanga viti. Zamani lilikuwa ghala la kopra, nazi kavu. Kabla ya kazi hiyo aliuza maembe na mapapai katika soko la Marikiti kwa miaka kumi na minne, mpaka goti likamkatalia kusimama mchana kutwa. Mwalimu Shukri, mstaafu aliyelianzisha jumba lile pamoja na wachoraji na waimbaji wa mtaani, alikuwa mteja wake. Ndiye aliyemwita. Kadzo akaja kwa mwezi mmoja, akakaa miaka.

Aliwajua watu wa pale kwa tabia zao. Wapiga ngoma ya sengenya walitaka maji ya mtungini, si ya bomba. Waimbaji wa taarabu hawakutaka viti vyao viguswe. Na Mwikali, msichana wa Kikamba aliyeandika vibao vya maduka na kuchora picha zake karibu na dirisha, hasemeshwi kabla hajamaliza chai.

"Mimi hapa ni mama wa wendawazimu," Kadzo alipenda kusema, akicheka.

Mama yake mwenyewe hakumjua. Alilelewa Kaloleni na shangazi yake, dada wa babake, naye alimwambia tangu utotoni kwamba Mbeyu, mamake, alifariki siku chache baada ya kumzaa. Kaburi alioneshwa: tuta la mawe nyuma ya nyumba, na kila akienda Kaloleni hulipalilia.

Julai ya mwaka wa tisini na tano, mpiga picha mmoja Mhindi mwenye studio karibu na Marikiti alifariki. Bintiye alimletea Mwalimu Shukri makatoni matatu ya picha ambazo watu walipigwa na wasirudi kuzichukua. Mwalimu akafurahi kama aliyeletewa tunda la msimu. Akasema zitaangikwa zote ukutani, mji uje ujitazame.

Kadzo na Mwikali wakawa wanafuta vumbi na kupanga. Mwikali alikuwa juu ya ngazi, Kadzo akimpa picha moja moja kutoka chini.

"Dada Kadzo!" Mwikali akaangua kicheko. "Kumbe ulikuwa mrembo hivi na unatuficha? Hii ulipiga lini?"

Akamrudishia picha. Kadzo akaitazama. Msichana ameketi kwenye kiti cha mkeka, leso mbili mwilini, mkono mmoja juu ya paja. Paji la uso lilikuwa lake. Mwanya ulikuwa wake. Hata sikio la kushoto, lililojikunja juu kidogo, lilikuwa lake. Lakini yeye hakuwahi kukaa kwenye kiti kile, wala kuingia studio ile siku yoyote ya maisha yake.

Akaigeuza nyuma. Kwa penseli palikuwa pameandikwa: *Mbeyu. Makupa. Agosti 1960.*

Kadzo alizaliwa mwaka wa hamsini na tatu. Alihesabu kwa vidole, akarudia. Mwaka wa sitini yeye alikuwa na miaka saba, na mamake alikuwa na miaka saba kaburini.

Aliketi pale pale sakafuni, na Mwikali alipomwuliza ana nini, akamnyooshea yale maandishi. Mwalimu Shukri alikuja mbio na gilasi ya maji. Akaitazama ile picha mbele, akaisoma nyuma, akasema polepole, "La haula. Bi Kadzo, nenda kwenu ukaulize."

Kesho yake alikuwa Kaloleni. Hakumwamkia shangazi yake. Alimwekea picha mapajani tu.

Bibi kizee aliishika kwa mikono miwili. Hakukana. Alisema babake Kadzo alikuwa mkali wa mkono, Mbeyu akatoroka usiku, Kadzo akiwa hajatimiza mwaka. Baada ya miaka akatuma ujumbe kutoka mjini, anamtaka mwanawe.

"Nikamtumia jibu kwamba umekufa kwa surua. Nawe nikakwambia yeye amekufa. Mngejuana, ungeondoka. Nami sikuwa na mtoto mwingine."

"Na pale nyuma? Nimepalilia miaka yote hii. Amelala nani?"

"Hakuna mtu, mwanangu. Ni mawe."

Kadzo alitoka nje. Akarudi mjini bila kuaga.

Maonyesho yalipofunguliwa, Mwalimu Shukri aliiangika picha ile mlangoni kabisa, na Mwikali akaandika chini yake kwa herufi kubwa: ANAYEMJUA MAMA HUYU ATUAMBIE. Watu walimiminika, wa bandarini, wa sokoni, wa maofisini, wakitafutana ukutani kwa vifijo. Kadzo alikaa kando ya mlango siku nzima, akishtuka kila mtu akiinama kusoma.

Siku ya nne alisimama mzee mmoja mwenye kofia ya reli, jina lake Nicanor.

"Huyu ni Mama Mbeyu," alisema, kama jambo la kawaida. "Alitupikia kwenye landhi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, Makupa. Aliolewa na mwenzetu, wakahamia Voi. Mwaka juzi nilimpitia. Mzima kabisa."

Kadzo alimshika yule mzee mkono wa shati, asiweze kuuachilia.

Jumamosi alikwenda Voi na Mwikali. Nyumba waliyoelekezwa ilikuwa na kibaraza, na kibarazani mwanamke mwenye mvi alikuwa akipepeta mbaazi. Aliinua uso. Akamwona Kadzo. Akainuka taratibu, akarudi nyuma hatua mbili, akaingia ndani na kutia komeo.

"Ni nani amekutuma?" sauti ikauliza nyuma ya mlango.

"Hakuna aliyenituma. Mimi ni Kadzo wa Dzoro, wa Kaloleni."

"Kadzo alikufa kwa surua."

"Nami niliambiwa wewe ulikufa kwa uzazi. Kaburi lako nimelipalilia."

Mwikali alikuwa akilia, Kadzo hakuweza. Kisha komeo likavutwa, na mkono ukatoka kwanza, ukampapasa uso, ukashuka mpaka sikio la kushoto, ukakaa pale.

Baadaye, wakiwa ndani, Kadzo alimwonesha picha. Mbeyu aliitazama kwa muda mrefu.

"Nilipiga nikutumie wewe, upate kuijua sura yangu," alisema. "Wiki ile ile likaja jibu kwamba hupo. Ningeifuata ya nini?"

Mbeyu alikuja Mombasa siku ya mwisho ya maonyesho. Mwalimu Shukri alitaka apande jukwaani aseme machache, akakataa. Alizunguka ukutani akitazama nyuso za wengine, akiuliza kila mmoja ni nani na kama watu wake wamempata. Wengi hakuna aliyewajua.

Jioni, wakimsindikiza kwenye basi, alimshika bintiye bega.

"Nipeleke kwa shangazi yako."

"Wamtakia nini?"

"Aliijua miaka yako yote. Mimi siujui hata mmoja. Nataka anihadithie."

Kadzo alimpandisha basini. Mpaka jumba lilipofungwa kwa sikukuu za Disemba, hakuwa amempa mamake jibu.