Mbwa wa Kizingo Ndani ya Beseni la Paka

Hiki kisa nimekaa nacho kifuani na kila nikikikumbuka masikio yanapata moto, lakini kwa kuwa Mji wa Kale wote wanakijua na hukisimulia kwa kuongeza chumvi, afadhali mkisikie kwangu mimi niliyekuwa katikati, nimeroa, sina shati.

Kazi yangu ni kuosha wanyama. Nina tuktuk niliyoifungia tangi la maji, mabeseni, mashine ya kukaushia manyoya, brashi na mikasi, nawafuata wateja majumbani kwao, naogesha, nachana manyoya, nakata kucha, nasafisha masikio, natoa kupe. (Mama yangu kule Kaloleni huwaambia majirani kwamba mimi ni daktari wa mifugo, nami sijamkatalia.) Shule niliachia kidato cha pili, nikaenda kuosha malori Shimanzi, nikaona lori hata uling'arishe vipi halikuangalii, ila mbwa ukimuosha atakulamba mpaka puani. Ndoto yangu ni gari kubwa lenye picha yangu ubavuni, nimemkumbatia paka, na kisiwa kizima wanajua huyo ni Katana anapita.

Sasa, Kizingo nilishapata wateja, lakini kule ni mbwa. Paka wako Mji wa Kale, na Mji wa Kale hawakupokei hivi hivi, kwani kwa Waislamu wa pale mbwa akiwa na majimaji akikugusa ni najisi, palipoguswa paoshwe mara saba, moja kwa udongo, basi nani atampa paka wake mtu anayeshinda na mbwa? Aliyenifungulia mlango ni Bi Rukia. Nilimwapia kwamba beseni la buluu ni la paka na jekundu la mbwa, na Ijumaa ni siku ya paka peke yao. Akanijaribu na paka wake, Nyota, akaridhika. "Ijumaa ijayo nitakukusanyia akina mama wa mtaa," akasema. "Wakikupenda hao, Katana, umeupata mji." Wiki ile nilitembea kama sikanyagi chini.

Ijumaa asubuhi, naingiza maji kwenye tangi, simu ikalia. Ni Mama Teddy, mteja wangu wa Kizingo, ambaye ni karani bandarini.

"Katana, Biskuti ana kupe, amelia usiku kucha, na mimi naingia kazini."

"Leo ni paka, Mama Teddy. Kesho mapema."

"Basi pita umwone tu."

Kumwona! Hapo ndipo nilipojimaliza. Biskuti ni kambwa kadogo keupe, manyoya kama pamba ya mto, akanitazama huku akijikuna sikio mpaka akaanguka ubavu, na moyo wangu ukawa uji. Nikajiambia nitamtia kwenye kizimba nyuma ya tuktuk, nimfunike turubai, nioshe paka haraka, kisha nimpeleke pembeni nimtoe kupe, nani atajua? Na kwa vile alikuwa akilia mle kizimbani, komeo sikulikaza. (Huruma zangu hizi zitanifilisi.)

Nilimkuta Bi Rukia barazani na wenziwe, kila mmoja na paka wake kikapuni, utadhani ni kliniki ya watoto. Nikawaamkia shikamoo mmoja mmoja, nikajaza beseni la buluu, nikaanza na Nyota. Mambo yakanyooka. Bi Mwanasha, jirani ambaye ulimi wake unaogopwa mtaa mzima, akanitazama mikono akasema, "Huyu kijana mkono wake mwepesi. Lau wajua kupaka hina, ningekuita."

Ndipo turubai likasema, "Wu!"

Akina mama wote wakageuka. Ningesema ukweli pale pale, ningeokoka, lakini niliona mji wote ukinitoka mkononi, nikashika kifua nikafanya, "Wu! Wu! Samahani, mama zangu. Kifua."

"Kifua gani chatokea nyuma yako?" akauliza Bi Mwanasha.

"Mwangwi, mama. Nyumba hizi zimebanana."

Bi Rukia, Mungu amweke, hakushuku. Akaingia ndani mbio akatoka na asali iliyochanganywa na habasoda. "Meza, mwanangu. Kazi ya maji hii itakuua." Nikameza. Turubai likabweka, nikakohoa juu yake, nikaletewa kijiko kingine, likabweka tena, ikawa mimi na mbwa tunapokezana, akina mama wananipigapiga mgongo, huyu asema ni pumu, yule asema ni jicho la watu, nami machozi yananitoka, ya aibu, wao wakazidi kunionea huruma.

Biskuti kule ndani akasukuma komeo. Turubai likainuka. Akatoka, akaliona beseni, na kwa kuwa mimi mwenyewe nimemzoesha kwamba beseni ni raha, akaruka akatua ubavuni mwa Nyota. Nyota akapaa mpaka begani kwa Bi Mwanasha. Vikapu vikapinduka, paka wakapanda madirishani, na Biskuti akasimama katikati ya baraza, maji yanamtiririka, akapanua miguu (anayefuga mbwa anajua kinachofuata).

"Biskuti, usijitikise!"

Akajitikisa. Hakuna aliyepona.

Na saa hizo ndizo wanaume wanapita kwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa, na kanzu zao zilizopigwa pasi. Biskuti akashika kichochoro kuwalaki. Nikaona watu wazima wamekusanya kanzu magotini wanakimbilia baraza za watu. "Yakhe, panda!" "Nipande wapi, na paka wamejaa?" Mzee Athmani, ambaye kila siku hushikwa mkono kupanda ngazi moja, nilimkuta juu kabla ya vijana, lakini pindo la kanzu lilishaguswa. Mimi nyuma na brashi mkononi, napiga kelele, "Hang'ati! Hang'ati, jamani!"

"Nani kakuuliza meno?" mtu akanijibu. "Karowa huyo!"

Nilimkamata mwisho wa kichochoro, nikamfunga kwa shati langu, nikarudi nimemkumbatia, kifua wazi, adhana yalia, na watu wanarudi majumbani kubadili nguo. Hakuna aliyenitukana. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Ningeweza kutoroka. Tuktuk ilikuwa na mafuta. Lakini nilijiambia, Katana, ukiondoka leo hutakanyaga tena hapa. Nikamrudisha Biskuti Kizingo, nikamtoa wale kupe waliokuwa wakimliza, kisha nikarudi kwa miguu na mfuko wa udongo safi. "Bi Rukia, nifundisheni kuosha."

Nikaosha baraza, nikaosha vikapu, nikaosha kanzu ya Mzee Athmani na nguo za kila aliyekubali kunipa, huku Bi Mwanasha amesimama juu yangu. "Bado hapo. Umeruka. Anza tena." Mikono ilichubuka.

Nilipomaliza, Bi Rukia ndipo aliponifungulia kinywa. "Mbwa kaumbwa na Mungu, kama paka. Ungeniambia yuwaumwa, ningekwambia nenda kamtibu, paka watangoja. Wewe wakaa wameza dawa yangu, nami nakuombea dua moyoni?"

Nikafuta pua, nikauliza, "Na wateja je, mama?"

"Ana uso mkavu huyu!" akasema Bi Mwanasha.

"Wateja kawaombe mwenyewe," akasema Bi Rukia. "Mlango kwa mlango. Na uwaambie ulilofanya."

Nikaenda. Wengine hawakufungua, wengine walifungua ili wanicheke tu, wachache wakasema tutaona. Wachache hao ndio ninao. Ijumaa naingia kwa miguu, sina beseni wala brashi, kila mmoja anitolea vyombo vyake na maji yake na kusimama kando akinihesabia ninavyonawa mikono mara saba, na kazi ya saa moja huchukua tatu. Naifanya. Mji huu nitaupata, hata kama ni paka mmoja mmoja.

Na nimeapa kwamba siku ya paka simchukui mbwa, hata anililie vipi. Ila najijua nilivyo. Basi nimeongeza kiapo cha pili, kwamba nikishindwa na moyo nikamchukua, nitasimama mbali, nipige hodi, niseme kwa sauti kabla sijakaribishwa, "Bi Rukia, leo nina mbwa."