Okidi Iliyokatazwa Maji

Ersilia alikuwa mtu wa kunywesha. Miaka ishirini na tisa alifua mashuka ya hospitali pale Oneglia, mji wa Italia, na hata alipostaafu mikono yake haikuzoea kukaa mikavu. Paka asiye na mwenyewe akilia ngazini, yeye huyo na bakuli. Mgeni hajakaa sawasawa, kahawa iko mezani. Kwa hiyo mumewe, Ottavio, alipolala kitandani mwezi wa kumi akijua kuwa Krismasi haioni, hakumwusia habari za nyumba wala za mazishi. Alimwusia mmea.

"Tangu leo usiupe maji. Hata tone. Mpaka uone vitumba vya maua vikubwa kama njegere."

"Na ukinyauka?"

"Utanyauka, uache. Nakujua wewe, ukiona kitu kimenyauka unakimbilia bomba. Ukiunywesha kabla ya wakati, utakuzalia watoto badala ya maua."

Ulikuwa mmea wa okidi, ile iitwayo dendrobiamu, yenye mashina ya pingili pingili kama muwa mwembamba. Ottavio, aliyekuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha tambi, aliuokota sokoni ukiwa nusu mfu. Kiangazi aliunywesha bila choyo na kuukinga jua kali kwa pazia kuukuu. Baridi ikianza, aliutundika kwenye pete ya chuma nje ya ukingo wa roshani, upate jua lote la mchana na ubaridi wote wa usiku. Mvua tu ndiyo aliyouepusha nayo. Wingu likitanda aliuingiza ndani. Miaka kumi na mmoja ulichanua kabla ya tarehe saba Machi, siku waliyofunga ndoa, maua meupe yenye ncha za zambarau. Siku hiyo chungu kiliwekwa katikati ya meza, nao wakala kukizunguka kama wanaokula na mgeni.

Ottavio akafa mwanzoni mwa Novemba. Ersilia akabaki na jambo moja tu la kumfanyia, nalo lilikuwa jambo la kutofanya.

Lilimshinda kuliko kufua. Majani yaligeuka manjano, yakaanguka moja moja. Mashina yakakunjamana kama vidole vilivyokaa sana kwenye sabuni. Kila asubuhi, kabla ya kwenda makaburini, alitoka roshani akiusemesha moyoni, mikono ameifunga kwa aproni ili isimponyoke. Binti yake Donata, aliyeishi Torino, akipiga simu Jumapili humwambia autupe tu, mama, kitu kimeshakufa hicho. Ersilia alijibu kwamba hakijafa, kinangoja. Alisema hivyo bila kuamini. Usiku aliwaza: na kama Ottavio alikuwa na homa akakosea?

Wiki moja kabla ya Krismasi alikishika chungu, akakiona kizito. Vile vipande vya magome ya msonobari vilivyomo ndani badala ya udongo vilikuwa vyeusi, vimelowa, na mvua haikuwa imenyesha siku tisa. Akajiambia ni umande. Kesho yake hivyo hivyo.

Akatazama juu. Ghorofa ya juu yake alikaa Iolanda.

Hao wawili walikuwa mashoga wa kuazimana chumvi na siri. Miaka mitatu nyuma Ottavio alilalamika kwenye mkutano wa wakazi wa jengo kwamba nguo za Iolanda zinaidondoshea okidi yake majira ya baridi, na mkutano ukampiga Iolanda marufuku kuanika nguo zisizokamuliwa. Tangu siku ile mashoga wakawa wanaitana Bi. Bi Ersilia, Bi Iolanda, wakipishana ngazini kila mmoja akiangalia viatu vyake. Kwenye mazishi Iolanda alikuja, akakaa kiti cha nyuma, akaondoka kabla ya mikono kupeanwa.

Basi Ersilia alinyamaza. Aliogopa kupanda juu na kuonekana mjane mwenye kutafuta ugomvi. Alinyamaza Januari nzima, na huo ndio mwezi aliojilaumia baadaye.

Mwanzoni mwa Februari vivimbe vilitokea kwenye pingili, vidogo kama vichwa vya pini. Alimpigia Donata simu na siku yenyewe haikuwa Jumapili. Akaanza kuhesabu siku hadi tarehe saba, akatoa kitambaa cha meza akakipiga pasi. Kisha asubuhi moja alivaa miwani akainama: kivimbe kimefunguka, na kilichochungulia hakikuwa ua. Kilikuwa kijani. Jani. Na chini yake kamzizi keupe, kamechomoza hewani kama jino la mtoto. Akatazama cha pili, na cha tatu. Vyote watoto.

Alipanda ngazi zile kumi na sita bila kushika ukuta.

"Bi Iolanda, nguo zako zinanidondoshea tena."

"Nguo gani?" Iolanda alisimama mlangoni, unga hadi kwenye viwiko. "Tangu mumeo anishtaki naanika sebuleni. Nyumba yangu inanuka kama kwa dobi. Ingia ujionee."

Ersilia aliingia. Nguo kweli zilikuwa sebuleni, mashuka juu ya viti. Aliona haya, akageuka atoke, ndipo jicho lake likaangukia roshani. Pale ukingoni, wima juu ya ile pete ya chuma ya okidi, palikuwa na birika la bustani lenye mdomo mrefu.

Ersilia alilinyoshea kidole. Iolanda aliketi.

"Kila asubuhi ukienda makaburini," alisema. "Kikombe kimoja tu."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nakutazama. Majani yanaanguka, wewe unasimama pale mikono umeifunga. Umekonda, taa zako unazima saa mbili. Nikasema, huyu ameamua kuacha kila kitu kife. Kuja kukuambia kula, nisingeweza, na hivi tulivyo. Nikaona basi, ninyweshe mmea."

"Aliniachia jambo moja, Iolanda. Moja tu. Usipewe maji."

"Sasa mimi ningejuaje? Nani amewahi kusikia kitu kinachanua kwa kiu?"

Ersilia alitaka kumchukia, na chuki ikakosa pa kushika, kwa maana kikombe kile angekimimina yeye mwenyewe, kama asingeambiwa. Hilo ndilo lililomliza. Alishuka na machozi yake bila kuaga.

Tarehe saba Machi alikula peke yake, mezani hakuna kitu katikati. Mmea aliuingiza jikoni, mahali ambapo hakuna mkono wa mtu utakaoufikia, akafunga na dirisha. Ulikaa siku nne karibu na jiko, salama. Siku ya tano alikumbuka kwamba baridi ijayo, humu kwenye joto la masufuria, hautachanua pia. Bila usiku wa baridi na jua tupu hautachanua kamwe. Akautoa. Aliujaribu ukutani kwanza, chini ya paa, mahali birika lisipofika, lakini jua nalo halikufika huko. Akautundika kwenye pete yake.

Iolanda alikuwa juu, ameegemea ukingo.

"Hao watoto wanakatwa lini?" aliuliza.

"Mizizi ikifika urefu wa kidole."

"Nao watachanua?"

"Baada ya miaka miwili. Mitatu."

"Una sabini na nne wewe."

"Najua miaka yangu. Mama yao anaweza mwakani, ukizuia mkono wako."

Iolanda alifikiri. "Nitajaribu," alisema. "Lakini ukikunjamana tena vile, Ersilia, siapi."

Ersilia alisimama chini ya yule mwanamke na birika lake, akazungusha chungu taratibu mpaka mashina yakalikabili jua.